Rubani, Nahodha na Kiongozi: Historia ya Maana za Neno la Kibaharia kutoka Pwani hadi Nyanda za Juu za Ufipa

1.0 Utangulizi

Mji wa Sumbawanga umejengwa juu ya nyanda za Ufipa, katika mwinuko wa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, mtu akisimama katika stendi ya mabasi ya mji huo na kusikiliza mazungumzo ya watu, atasikia maneno ya baharini. Abiria wanalipa nauli, shehena inapakiwa, dereva anashika usukani. Nauli ni neno la Kiarabu lenye asili ya Kiyunani, na hapo kale lilikuwa malipo ya kusafiri kwa chombo cha majini. Usukani umetokana na neno la Kiarabu linalotaja ubao wa kuelekezea chombo. Bahari haikuwahi kufika Ufipa, lakini msamiati wake umefika.

Makala haya yanachunguza neno moja katika kundi hilo, nalo ni rubani. Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili wa leo, hasa wa bara, rubani ni mwendeshaji wa ndege. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno hilo kwa maana pana zaidi ya kiongozi wa njia na mwelekezi wa chombo. Swali la msingi ni hili: neno lilipotoka melini na kuingia katika ndege, ni sehemu gani ya maana yake iliyosafiri, na ni ipi iliyobaki pwani? Inadaiwa hapa kwamba kiini cha maana ya rubani ni ujuzi wa njia isiyoonekana, na kwamba ujuzi huo ni kitu tofauti na mamlaka juu ya chombo. Tofauti hiyo ikipuuzwa, tafsiri za sheria na za taarifa za ajali huweza kumtwisha mtu lawama isiyo yake.

Mkoa wa Rukwa unafaa sana kwa uchunguzi huu. Magharibi mwa nyanda za Ufipa kuna Ziwa Tanganyika, lenye bandari za Kasanga, Kipili na Kirando. Mashariki kuna bonde la Ziwa Rukwa. Na Sumbawanga kwenyewe kuna uwanja wa ndege. Nahodha, kiongozi wa msafara na rubani wote wamepita katika eneo hili, kila mmoja kwa wakati wake.

2.0 Asili ya Neno katika Lugha Nyingine

Neno la Kiingereza pilot, ambalo watafsiri wengi hulipa rubani kama kisawe chake, lina safari ndefu. Waingereza walilipokea katika karne ya 16 kutoka Kifaransa, nacho kililipata kutoka Kiitaliano. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kiyunani lenye maana ya kasia la kuelekezea chombo. Kwa hiyo mtu huyo hapo mwanzo aliitwa kwa jina la kifaa alichokishika. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na neno lao lililotokana na njia: mtu wa njia. Wajerumani na Waholanzi wamebaki na umbo lililotokana na neno hilo hilo la zamani. Ulaya, basi, ilimtazama mtu mmoja kwa namna mbili: kwa kifaa alichoshika na kwa njia aliyoijua.

Katika Bahari ya Hindi kazi hizo ziligawanywa kwa uwazi zaidi. Nahodha ni neno la Kiajemi lililoundwa kwa sehemu mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya chombo na ya pili bwana au mwenye mamlaka. Mwalimu limetokana na neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na elimu, taaluma na mtaalamu. Baharini lilimtaja mjuzi wa nyota, vina vya maji na alama za pwani. Rubani limekuja kwa njia ya Kiarabu, na linapatikana katika visa vya mabaharia wa Ghuba vya karne ya 10. Baadhi ya wanaisimu wamelihusisha na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mlinzi wa njia.

Mgawanyo huo unaonekana vizuri katika Ain-i-Akbari, kitabu cha Abul Fazl cha mwishoni mwa karne ya 16 kuhusu utawala wa Akbar nchini India. Katika orodha yake ya watu wa melini, nahodha anatajwa kwanza, akiwa mwenye chombo. Mwalimu anafuata, naye ndiye anayetakiwa kujua vina, miamba na elimu ya nyota, na ndiye anayeifikisha meli. Serahangi ana kazi zake, na mshika usukani anatajwa peke yake chini zaidi. Kushika usukani, kujua njia na kuwa na amri vilikuwa vitu vitatu, na kila kimoja kilikuwa na jina lake.

Ahmad bin Majid, mjuzi wa bahari mwenye asili ya Julfar katika Ghuba, aliandika mwishoni mwa karne ya 15 kitabu kikubwa juu ya misingi ya elimu hiyo, pamoja na utenzi unaoeleza njia ya kwenda Sofala. Yeye aliwagawa walimu wa bahari katika madaraja matatu. Wa kwanza ni yule ambaye safari hii hufika salama na safari nyingine hukosea. Wa pili anazijua vyema njia alizozipita mwenyewe. Wa tatu ni yule ambaye ujuzi wake haufungwi na pwani moja, na anaweza kuuweka katika maandishi. Kipimo cha madaraja haya yote ni ujuzi. Mali na cheo havitajwi.

3.0 Malindi, 1498: Ujuzi Usio na Amri

Mfano unaoonyesha tofauti hiyo kwa nguvu zaidi ni safari ya Vasco da Gama katika mwambao wa Afrika Mashariki mwaka 1498. Wareno walikuwa na meli, mizinga na manahodha wao. Walichokosa ni njia. Huko Msumbiji walijipatia marubani wa kuwaongoza kaskazini. Walipofika Mombasa marubani hao walijitosa majini wakatoroka. Meli zilibaki na amri yote, na usukani wote, lakini hazikuwa na uwezo wa kuvuka.

Huko Malindi, mwezi wa Aprili, Wareno walipewa mjuzi ambaye waandishi wao wa karne ya 16 wamemwita Malemo Cana au Malemo Canaqua, wakieleza kuwa alikuwa mtu wa Gujarati. Sehemu ya kwanza ya jina hilo si jina la mtu hata kidogo: ni cheo cha mwalimu, kilichoandikwa kama masikio ya Kireno yalivyokisikia. Akiwa nao, walivuka hadi pwani ya Malabar kwa muda wa siku 23 hivi. Kwa muda mrefu mtu huyo alidhaniwa kuwa ni Ahmad bin Majid mwenyewe, dhana iliyoenezwa na Gabriel Ferrand mwanzoni mwa karne ya 20. Uchunguzi wa baadaye, ukiwemo wa Tibbetts wa mwaka 1971, umeonyesha kuwa dhana hiyo haina msingi imara.

Kwa madhumuni ya makala haya, utambulisho wa mtu huyo si muhimu kuliko nafasi yake. Hakuwa na amri juu ya meli hata moja. Alikuwa mgeni ndani yake, asiyejua lugha ya walioziongoza. Alichokuwa nacho ni pepo, nyota na kipimo cha kamali, yaani kibao na uzi wenye mafundo uliotumiwa kupimia kimo cha nyota kwa vidole. Bila yeye mamlaka ya nahodha yasingeweza kuvuka bahari.

4.0 Kuingia Bara: Kiongozi wa Msafara na Nahodha wa Ziwani

Kiswahili kilipoingia bara katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya biashara, hakikumchukua rubani. Njia za kutoka Unyanyembe kuelekea Urungu na kusini mwa Ziwa Tanganyika zilipita Ufipa, na Livingstone alipita upande huo mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho. Joseph Thomson naye alivuka nyanda hizo mwaka 1880. Katika misafara ya namna hiyo mjuzi wa njia aliitwa kiongozi, au kirangozi, umbo ambalo wasafiri wa wakati ule waliliandika mara kwa mara.

Maelezo ya Burton ya mwaka 1860 yanaonyesha cheo hicho kilivyoheshimiwa. Kirangozi alitangulia mbele ya wote, amevaa mavazi ya kumtambulisha, pamoja na bendera ya msafara. Mpagazi aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Lakini kirangozi hakuwa mwenye mali wala mkuu wa msafara. Mwenye msafara alikuwa mfanyabiashara. Hapa mgawanyo ule wa baharini unajirudia nchi kavu: mwenye msafara yuko mahali pa nahodha, na kirangozi yuko mahali pa rubani. Neno lilibadilika kwa sababu Kiswahili kilikuwa na kitenzi chake, kuongoza, kilichotosha kuunda jina la kazi hiyo. Dhana haikubadilika.

Ziwani hali ilikuwa tofauti. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachozidi mita 1,400. Katika miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na kuyafanya maji yawe ya hatari kwa vyombo vidogo. Wafanyabiashara wa pwani waliokaa Ujiji walileta ufundi wa majahazi ya tanga na, pamoja nao, maneno ya chombo. Nahodha alifika ziwani mapema kuliko meli yoyote ya mvuke.

Meli kubwa ilifuata. Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kisha Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba. Jina hilo ni la kwao Rukwa na Urungu: Livingstone alilisikia mwaka 1867 likitumiwa kwa sehemu ya kusini ya ziwa. Kwa miongo mingi meli hiyo ilipita Kirando, Kipili na Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Penye gati iliegesha. Pasipo na gati ilisimama mbali na ufuko, na mitumbwi ya wenyeji ikaifuata kuchukua abiria na mizigo. Wenyeji hao walijua mawe na mikondo ya ufuko wao kama rubani wa bandari anavyojua mlango wake. Hakuna aliyewaita marubani. Ujuzi ulikuwepo bila cheo.

5.0 Rubani Anapanda Ufipa

Neno rubani lilifika nyanda za juu pamoja na ndege. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndege za Wabelgiji zenye uwezo wa kutua majini zilivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo na kushambulia Kigoma. Mwaka 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, katika safari yao ya kutoka Uingereza hadi Afrika Kusini, waliruka kutoka Tabora hadi Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia. Mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili unapita karibu sana na Sumbawanga.

Sababu nyingine ya ndege kujulikana Rukwa ni nzige. Bonde la Ziwa Rukwa ni mojawapo ya mazalia makubwa ya nzige wekundu. Baada ya baa la nzige lililodumu tangu mwaka 1930 hivi hadi katikati ya miaka ya 1940, shirika la kimataifa la kupambana na nzige hao liliundwa mwaka 1949 na kuwekwa Abercorn, na ndege zikawa mojawapo ya nyenzo za kuwatafuta na kuwanyunyizia dawa. Kwa mkulima wa eneo hilo, mtu aliyeendesha chombo hicho hakuwa na uhusiano wowote na bahari.

Hapa kuna jambo la kuzingatiwa. Magari na treni vilipoingia Afrika Mashariki, Kiswahili kilichukua neno dereva kutoka Kiingereza. Kwa nini mwendeshaji wa ndege hakuitwa dereva? Jibu linaelekea kuwa katika njia. Gari lina barabara na treni ina reli. Njia imeshatengenezwa, na kazi ya dereva ni kukimudu chombo juu yake. Angani, kama baharini, hakuna alama iliyochorwa. Anayepita huko lazima aibebe njia kichwani, au katika vipimo vyake. Kiswahili kilikuwa tayari na neno la mtu wa namna hiyo.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba siku hizi husikika dereva wa boti, ilhali boti haina barabara. Pingamizi hilo linaimarisha hoja. Boti yenye injini ilipokuja, jicho la msemaji liliangukia injini, na jina likafuata injini. Jahazi la tanga haliwezi kuwa na dereva. Jina la mwendeshaji, kwa hiyo, huonyesha kile ambacho jamii inakiona kuwa kigumu katika kazi yake: mashine, njia au amri.

6.0 Umbo la Neno

Mofolojia inatoa ushahidi wa ziada. Mwalimu limeingizwa katika ngeli ya M-/WA-, kwa kuwa silabi yake ya kwanza katika Kiarabu ilifanana na kiambishi cha Kibantu. Wingi wake ni walimu. Rubani na nahodha hayakuwa na silabi ya namna hiyo, na yamepata wingi wa ma-: marubani, manahodha, huku upatanisho wa kisarufi ukibaki wa viumbe hai: marubani wamefika. Yote matatu huunda nomino dhahania kwa u-: ualimu, urubani, unahodha.

Chombo chenyewe kilifuata mkondo mwingine. Ndege, neno la kiumbe, lilipopewa mashine lilibadilisha upatanisho: ndege huyu anaruka, lakini ndege hii inaruka. Sarufi imeweka mpaka kati ya maana ya zamani na mpya. Kwa rubani mpaka huo haukuwezekana, kwa sababu maana zote mbili ni za binadamu. Rubani amefika inaweza kuwa ya bandarini au ya uwanjani, na muktadha peke yake ndio unaoamua. Mahali ambapo bandari kuu haipo, kama Sumbawanga, muktadha huwa mmoja tu, na maana ya zamani hukosa pa kusimama.

Maana nyingine za neno la Kiingereza hazikuandamana na rubani hata kidogo. Utafiti mdogo unaotangulia ule mkubwa huitwa utafiti wa majaribio au utafiti wa awali, na mradi unaofungua njia kwa mingine huitwa mradi wa majaribio. Kiingereza kimeona katika kazi hizo sura ya mtu anayetangulia. Kiswahili kimeona kitendo cha kujaribu. Nahodha naye amepata uwanja wake: ni mkuu wa timu ya mpira, kwa kuwa timu inahitaji amri na wala haitafuti njia.

7.0 Uwajibikaji na Tafsiri

Tofauti hizi zina uzito wa kisheria. Katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, meli kubwa kutoka nje huingia zikiwa na rubani wa bandari ndani yake. Huyu hupanda meli ikiwa bado nje, huielekeza katika mlango wa bandari anaoujua, kisha hushuka. Kanuni zinazoambatana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia zinasema wazi kwamba kuwepo kwa rubani melini hakumwondolei nahodha wajibu wake wa usalama wa chombo. Rubani anaelekeza, nahodha anawajibika.

Angani ni kinyume. Kanuni za usafiri wa anga zinazotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 humpa rubani mkuu wa ndege kauli ya mwisho juu ya chombo chake. Ndani ya ndege, nahodha, mwalimu na rubani wa zamani wamekuwa mtu mmoja, na jina lililobaki ni la yule ambaye hapo kale hakuwa na amri.

Matokeo yake ni kwamba neno lile lile linataja watu wawili wenye wajibu tofauti. Msomaji wa bara anayemfahamu rubani wa ndege tu, akisoma kuwa meli imepanda mwamba ikiwa mikononi mwa rubani, ataelewa kuwa rubani huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa meli. Mtafsiri anayebadilishana rubani na nahodha kana kwamba ni visawe anaweza kuihamisha lawama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine bila kukusudia. Kosa la aina hiyo haligunduliki kwa sarufi, maana sentensi huwa sahihi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa rubani ni neno la ujuzi wa njia, kwamba katika Bahari ya Hindi ujuzi huo ulitenganishwa na amri ya nahodha na mikono ya mshika usukani, na kwamba mgawanyo huo ulifuatwa pia na misafara ya bara kwa jina la kiongozi. Ndege ndiyo iliyounganisha kazi hizo na kulipa neno maana inayotawala leo katika nyanda za Ufipa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, wanaotunga kamusi waweke maana ya jumla ya rubani mbele, kisha watenge rubani wa bandari na rubani wa ndege, wakieleza wajibu wa kila mmoja. Pili, watafsiri wa sheria na taarifa za usafiri wasimtumie nahodha kuwa kisawe cha rubani mahali popote ambapo uwajibikaji unahusika. Tatu, watafiti wachanga wageukie Kasanga, Kipili na Kirando. Maneno ambayo wavuvi na wenye mitumbwi wa huko huyatumia kutaja pepo, miamba na mikondo ndiyo elimu ya rubani wa ziwa, na sehemu kubwa ya elimu hiyo iko katika kumbukumbu za wazee. Ahmad bin Majid alimweka katika daraja la juu yule anayeweza kuuandika ujuzi wake. Kwa Ziwa Tanganyika, kazi hiyo ya kuandika inawangoja wanaisimu.